Likizo ndefu na vijana wetu: maswali ya wazazi Wakristo wa Malindi

Kila mwaka ikifika Oktoba wazazi hunisimamisha baada ya ibada, sokoni, hata stendi ya matatu, na maswali ni yaleyale. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani, na nyumbani nina wangu wawili wa umri huohuo. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi, nikayajibu kama ninavyowajibu watu ana kwa ana. Ninaowazungumzia ni vijana wa miaka 13 hadi 18. Awe Mkatoliki, Mwanglikana, Mpentekoste au Msabato, likizo ni ileile.

Kwa nini likizo ya Novemba na Desemba hututia wasiwasi kuliko ya Aprili au Agosti?

Ni ndefu, takriban miezi miwili. Lakini urefu peke yake haudhuru. Shida ya mji wetu ni kwamba likizo hii huangukia msimu. Kusi imekwisha, kaskazi imeanza kuvuma, wageni wanajaa hotelini. Mama wa jikoni anaingia zamu mbili kwa siku. Baba mwenye tuktuk anarudi saa sita usiku. Shangazi anauza leso na vinyago ufuoni mpaka jua lizame. Siku zilezile ambazo watoto wanashinda nyumbani ndizo siku ambazo riziki ya mwaka mzima inatafutwa. Pesa zinazunguka, muziki unalia Casuarina hadi alfajiri, na nyuso ngeni ni nyingi. Aprili mvua humfungia kijana ndani. Desemba hakuna kinachomfungia.

Simlaumu mzazi anayefanya kazi. Karo ya Januari haiokotwi ufuoni. Ninachoomba ni kwamba mpango wa likizo uanzie kwenye zamu zenu, kabla ya kuuliza kanisa limeandaa nini. Kaeni kitako wiki ya mwisho ya Oktoba, andikeni saa ambazo hakuna mtu mzima nyumbani, kisha mtafute nani atakuwa karibu saa hizo: nyanya, jirani, mama mwenzenu wa jumuiya. Kijana anahitaji mtu mzima mmoja au wawili wanaojua amelala wapi, amekula nini na kichwani ana maswali gani. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanategemea hilo.

Basi si nimjazie ratiba ya kanisa asipate nafasi ya kupotea?

Tuliwahi kufanya hivyo. Desemba moja tulikuwa na semina, kesha, kongamano na kambi, vyote ndani ya wiki tano, na mazoezi ya kwaya katikati. Ilipofika mkesha wa Krismasi, binti aliyecheza Mariamu katika igizo alisinzia kweli mbele ya watu, mtoto wa bandia mkononi. Waumini walidhani anaigiza. Mimi niliyekuwa nyuma ya pazia niliona jinsi kichwa kilivyoanguka, na nikajua tumewachosha watoto wa watu kwa jina la Bwana.

Jambo moja la kanisa kwa wiki linatosha, na kambi moja kwa likizo nzima. Muda unaobaki ni wa nyumbani, wa kazi, wa mpira, na wa kukaa tu bila kufanya lolote. Kijana aliyetoka bweni ameishi kwa kengele muhula mzima.

Anakesha kwenye simu, anaamka saa nne asubuhi. Ni uvivu?

Nusu ni simu, nusu ni mwili. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea mbele: usingizi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Umri huu unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na wengi bwenini hawapati hata 7. Wiki ya kwanza mwache alipe deni. Baada ya hapo simu zote, na zako pia, zilale sebuleni kwenye chaji kuanzia saa nne usiku. Zako pia, narudia. Nimeona kijana mmoja akitii sheria hii siku ileile baba yake alipoitii.

Kingine cha kuangalia kwenye simu ni kamari. Sheria inakataza kamari chini ya miaka 18, lakini kijana hutumia laini ya mama na namba ya siri anaijua. Pitia taarifa za pesa za simu yako mara moja kwa wiki.

Nifanyeje ili azungumze nami?

Usimkalishe sebuleni ukamwambia, "Haya, tuzungumze." Akiona kiti kimetazamana na kiti anajua ni kesi. Mpe kazi ya mikono, nawe fanya yako kando yake.

Desemba mmoja nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya wali, mwanangu yuko mlangoni na ungo wa mchele. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilikuwa kwenye kipande cha pili, nyama imebaki ukanda mwembamba, nakuna polepole nisifike kwenye kifuu tui likaharibika rangi, ndipo aliposema bila kuinua kichwa: "Mama, kule bwenini mimi nilikuwa silali." Ningeacha nazi nikamkimbilia, angefunga mdomo. Nikaendelea kukuna. Nikamwuliza tu, "Tangu lini?" Ikatoka habari ya muhula mzima: wakubwa waliokuwa wakimwamsha usiku, godoro lililomwagiwa maji, aibu ya kumwambia mwalimu. Nazi ikaisha. Nikavunja nyingine ambayo wali wala haukuihitaji.

Kesho yake baba yake alifunga safari kwenda shuleni. Lakini kama si nazi ile, tungekuwa bado tunamwita mtoto mvivu na mwenye kiburi, na tulikuwa tumekwisha kumwombea sala mbili za "kuvunja roho ya ukaidi". Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwanangu ametamka kwamba haamini tena. Nimpeleke kwa mchungaji?

Mchungaji au padri anaweza kungoja. Kwanza kaa na mshtuko wako mwenyewe, kwa sababu neno la kwanza utakalosema ndilo atakalolikumbuka. Ukilia, atajifunza kukuficha. Ukimtisha kwa jehanamu, atajifunza kuitikia "amina" huku moyo uko mbali. Sema: "Asante kwa kuniambia. Ni jambo gani lilianza kukusumbua?" Kisha nyamaza.

Ninaowasikia mimi wana sababu tatu kubwa. Wapo walioumizwa: walimwombea mtu apone, akafa. Wapo waliomwona mtu wa kanisani akitenda uovu na wazee wakamkingia kifua. Hawa wote hawahitaji hoja, wanahitaji mtu akubali kwamba walichokiona ni kibaya. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu kwa sauti. Ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mtu hata lini, na ya 88 inaishia gizani bila kufunguka. Msomee. Vijana hushangaa sana kwamba Biblia inaruhusu maneno ya namna hiyo.

Wa tatu ndio wanaoongezeka, wanaosema Ukristo ni dini ya Wazungu, tuliletewa ili tutawaliwe. Usilipuuze swali hili, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na sisi wa Malindi tunao ushahidi mbele ya macho. Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, na nguzo yake yenye msalaba ipo pale juu ya bahari. Kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti kipo karibu na hapo, na Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Nawapeleka vijana pale kwa miguu, jua likianza kupoa, na ninawaambia wazi: msalaba huu ulikuja na mizinga. Kisha nawafungulia Matendo ya Mitume sura ya 8, mtu wa Kushi anabatizwa njiani kabla Paulo hajafika Ulaya. Nawaambia juu ya Athanasio wa Aleksandria, Agostino aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, na Uhabeshi iliyokuwa na mfalme Mkristo, Ezana, katika karne ya nne. Na hapa kwetu Kilifi, Rabai, alitumikia mchungaji William Jones, Mwafrika aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi pwani na kuwapokea watoro wa utumwa waliokimbilia misheni. Siwaambii wahitimishe nini. Tunanunua mihogo ya kukaanga na wanabishana njia nzima ya kurudi, na mabishano yale nayahesabu kuwa ibada.

Mkumbuke pia Yohana Marko. Aliwaacha Paulo na wenzake njiani akarudi nyumbani, na Paulo akakataa kumchukua tena. Miaka baadaye, Paulo akiwa kifungoni, ndiye anayeagiza aletewe Marko huyohuyo.

Nimlazimishe kwenda kanisani?

Kwa wa miaka 13 au 14 inatosha kusema kwamba Jumapili familia yetu huenda, au Sabato kwa wenye Sabato, kama mnavyokula pamoja. Kwa wa miaka 17 nguvu haifai kitu. Nimegundua kwamba kijana anayekataa kuketi kwenye benchi mara nyingi hukubali kusimama: kwenye mitambo ya sauti, kupanga viti, kufundisha watoto wadogo, kupiga picha. Mpeni kazi ya kweli, si ya kupewa ili anyamaze. Na ule ugomvi wa Jumapili asubuhi juu ya nguo, uachwe. Fulana safi inamtosha Mungu.

Tusome nini nyumbani?

Kifupi. Injili ya Luka ina sura 24. Anzeni tarehe 1 Desemba, sura moja kila jioni, mtamaliza tarehe 24. Mtakuwa mmepitia hori na kufikia kaburi tupu usiku wa kuamkia Krismasi, na vijana wanaipenda ajabu hiyo. Mmoja asome, mwingine aulize swali moja, mtu asigeuze kuwa mahubiri. Dakika kumi na tano. Siku mzazi yuko zamu, kijana mkubwa aongoze wadogo zake.

Anataka kufunga siku tatu bila kula, na anafuata mhubiri fulani mtandaoni. Nifurahi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi si watu wa kuhadithiwa. Shakahola iko bara yetu hapa. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na watoto walikuwamo. Waliokufa walikuwa watu waliopenda kuomba, na baadhi yao tuliwajua: walinunua unga dukani tunakonunua sisi. Waendesha mashtaka wanasema walifundishwa kujinyima chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kesi ilifikishwa mahakamani. Kabla ya kufika msituni kulikuwa na hatua ndogondogo: toa mtoto shule, usiende hospitali, achana na ndugu wasioelewa.

Hizo hatua ndizo za kumfundisha kijana azitambue, popote atakapozisikia, iwe kwenye simu, kwenye hema la mkutano au kwa mchungaji wetu wenyewe. Mwambie hivi. Mtu akikuambia elimu ni dhambi, ondoka. Akikuambia uache dawa za kifafa, za sukari au za virusi kwa sababu imani yako inatosha, ondoka. Akikutaka usimwambie mama mlichozungumza, ondoka na uje umwambie mama. Akisema yeye peke yake ndiye aliyefunuliwa, ondoka. Akiomba pesa ili akuombee, ondoka.

Kuhusu kufunga kwenyewe, mwili unaokua haufungi kama wa mtu mzima. Kijana mwenye afya anaweza kuacha mlo mmoja na kutoa thamani yake kwa mwenye njaa, au kufunga simu kwa siku nzima, ambako kwa wengi ni kugumu kuliko kuacha chakula. Maji asiache kabisa, hasa katika joto la kaskazi. Mwenye ugonjwa wa sukari, selimundu au vidonda vya tumbo asifunge. Na binti anayekula kidogo sana kwa sababu anauogopa mwili wake, halafu anakuambia amefunga, mpeleke akaonwe na daktari.

Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni ugonjwa?

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Ikikaa wiki mbili mfululizo, hali vizuri, halali au analala mno, ameacha alivyovipenda, anajitenga, anagawa vitu vyake au anasema afadhali asingezaliwa, hapo usingoje mkutano wa maombi. Mwulize kwa maneno ya wazi: "Umefikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo kichwani. Wengi hupumua kwa sababu hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na sumu za shambani, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya watoto ni ya bure, mchana na usiku, na kijana anaweza kupiga mwenyewe.

Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Anayejaribu kujiua ni mgonjwa wa kutibiwa.

Na kwa wanaosema Mkristo wa kweli hawezi kushikwa na huzuni, someni 1 Wafalme 19. Elia, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Maneno yanakuja baadaye sana. Tuwaombee vijana wetu, ndiyo, mkono mmoja begani na mkono mwingine umeshika kadi ya hospitali.

Niulize nini kabla ya kumruhusu kwenda kambi?

Nani anawajibika, kwa jina, na simu yake inapatikana saa zote? Wasichana na wavulana wanalala wapi, na watu wazima wa kike na wa kiume wako wangapi? Je, kuna kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayekaa na kijana mmoja faraghani, hata kwa ushauri, hata kwa maombi? Zahanati iko umbali gani? Gari linasafiri mchana? Kiongozi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, usimpe mtoto wako.

Na maji. Karibu kila kambi huwapeleka watoto baharini. Wajue kupwa na kujaa kwa siku hiyo, wawe na mtu anayejua kuogelea kweli ambaye kazi yake ni kutazama tu, na wahesabiane wawili wawili. Wakienda upande wa mdomo wa Mto Sabaki wasiingie mtoni hata kunawa miguu. Mamba na viboko wapo.

Vipi disko matanga, ule muziki wa usiku msibani, na muguka?

Kijana akikataliwa kabisa kwenda kwenye msiba wa jirani, tutakuwa tumemfundisha kukosa utu. Aende mchana, akachote maji, akapange viti, aketi na rafiki aliyefiwa, na kabla ya magharibi arudi na mtu mzima. Muziki wa usiku wa kuchangisha pesa ndio wa kuepuka. Wazazi na wachungaji wenzangu, tuzungumze na wafiwa wenyewe mapema, tuchange vya kutosha ili wasione haja ya disko, na tuimbe nyimbo za faraja hadi saa mbili usiku, basi. Mahali tulipochanga, haikupigwa. Mahali tulipokemea tu, ilipigwa.

Muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, unauzwa kwa bei ya peremende na unaondoa usingizi na hamu ya kula. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Kilifi ilitangaza marufuku, mahakama ikaisimamisha, kwa hiyo msingoje amri ya mtu ifanye kazi yenu. Ukimkuta na majani mfukoni, usianze na kiboko. Mwulize anatafuta nini: usingizi usije ili asome, ujasiri mbele ya wenzake, au kuzima kitu kinachomuuma.

Binti yangu ana simu mpya na hasemi imetoka wapi.

Usimpige. Anayenunua simu hiyo anategemea umpige, ili binti aone kwamba nyumbani ni vita na kwake ndiko kuna amani. Kaa naye, mwulize, na umhakikishie kwamba lolote atakalosema hatafukuzwa. Wavulana nao hutafutwa, na wao husema kwa shida zaidi, hivyo waulizwe vilevile.

Chini ya miaka 18 hakuna ridhaa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haiangalii kama mtu ni mgeni, bodaboda, mwalimu au mwana kwaya. Kama ameguswa, fikeni hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo, na nguo alizovaa zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Piga 116 au 1195. Kisha polisi. Kumalizana nyumbani kwa mbuzi na fedha ni kumuuza mtoto mara ya pili, na mzee wa kanisa anayeongoza kikao cha namna hiyo anatenda dhambi.

Na kama kuna mimba, asisimamishwe mbele ya kanisa. Nimeshuhudia binti wa miaka 15 akisomewa jina lake madhabahuni, huku mwanamume aliyehusika ameketi safu ya tatu na shati limepigwa pasi. Serikali inaruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Kazi yetu ni kuhakikisha anafika kliniki, anakula, na kuna mtu wa kumshikia mtoto Januari.

Nimtafutie tuition likizo nzima?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Saa moja ya kujisomea nyumbani asubuhi inatosha.

Nataka kumpeleka kwa nyanya yake kijijini, lakini huko wanasema mama huyo ni mchawi.

Mpeleke, na uende naye. Vijiji vyetu hivi vimezika wazee wengi waliouawa kwa sababu ya mvi na kipande cha ardhi, na mara kadhaa wanaotumwa ni vijana wa ukoo wenyewe. Kijana aliyechota maji na nyanya yake, akala viazi vyake, akasikia hadithi zake Marafa au Ganda jioni kunapopoa, ni vigumu kumfanya amwinulie panga. Mwambie wazi: mtu akikuletea maneno ya uchawi juu ya hawe, yaani nyanya yako, njoo kwangu, na tutamwambia chifu. Sioni mafundisho ya imani yaliyo muhimu kuliko hili katika kaunti yetu.

Marafiki zake wote ni Waislamu. Ni hatari?

Huu ni Malindi. Ndugu zetu wenyewe, wajomba na mashangazi, wengine ni Waislamu. Rafiki anayeinuka kwenda kuswali adhana ikilia anamkumbusha kijana wako kwamba naye ana saa yake ya kuomba. Wafundishe adabu: asimkejeli mwenzake, asile mbele yake Ramadhani, aulizwapo juu ya Yesu ajibu kwa upole. Mwalike rafiki huyo Krismasi, kuku awe amechinjwa na Mwislamu.

Amemaliza Kidato cha Nne na anasubiri matokeo. Hana raha.

Kusubiri kunachosha kuliko mtihani. Mpe kazi yenye malipo hata kidogo, pamoja na mtu unayemwamini, na kabla ya matokeo kutoka mwambie, kwa mdomo wako, kwamba siku hiyo mtakula chakula kizuri hata gredi iwe ipi. Siku yenyewe uwepo nyumbani. Omba ruhusa kazini mapema.

Januari anarudi bwenini. Nimwache vipi?

Siku tatu kabla, kataeni wageni. Afue mwenyewe sare, wewe ushone vifungo. Usiku wa mwisho pikeni anachokipenda na mmwombee kwa maneno machache, kila mmoja sentensi yake, hata mdogo wa miaka sita. Simu hataruhusiwa kuwa nayo, kwa hiyo mwandikie barua za karatasi, nne au tano, uandike juu ya bahasha: ya wiki ya kwanza, ya siku ukiwa mgonjwa, ya siku umegombana na mtu, ya siku huwezi kuomba. Ya mwisho hiyo iwe fupi. Mwanangu aliirudisha Aprili bado imefungwa, akaniambia aliishika tu mkononi usiku mmoja, ikamtosha. Nimeirudisha sandukuni mwake.